Mwanangu anataka kulima zabibu, na babu yake alimalizwa na pombe

Mzazi mwenzangu, kuna maombi ya mtoto ambayo huwezi kuyajibu kwa ndiyo au hapana ya haraka. Langu lilikuja mwezi wa tatu mwaka juzi. Mwanangu wa kwanza, wakati huo akiwa na miaka 22, alirudi Manyoni kutoka Hombolo, Dodoma, ambako alifanya kazi misimu miwili kwenye shamba la zabibu la baba yake mdogo, mume wa mdogo wangu. Hakuomba bodaboda wala mtaji wa kwenda Dar es Salaam. Aliomba nimsemee kwa bibi yake apewe ekari moja Kintinku, alime zabibu.

Kwa familia nyingine hiyo ni habari njema. Kijana anataka kulima, tena zao ambalo jirani zetu wa Dodoma wamesomeshea watoto na kujengea nyumba. Kwetu lilikuwa jambo zito. Zabibu nyingi za Dodoma mwisho wake ni mvinyo, na nyumba yetu imezika mtu kwa sababu ya pombe.

Naandika haya kwa sababu najua hatuko peke yetu. Hapa mkoani Singida ziko nyumba nyingi zenye historia kama yetu, na wako vijana wengi wanaotafuta zao jingine la kuongezea kwenye alizeti. Bei ya alizeti ilivyoshuka mwaka 2023, mkulima wa Singida hahitaji kusimuliwa.

Pombe ilitutesa, pombe ikatusomesha

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli ya kati. Alikuwa mtu mpole hadi saa kumi na moja jioni. Siku ya mshahara tulijua kwamba hela itapitia kilabuni kwanza, na itakayobaki ndiyo itafika nyumbani. Miaka mingine haikufika kabisa. Alifariki akiwa na miaka 51, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Daktari alisema ni ini. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajaanza shule.

Tulibaki sita na mama. Na hapa ndipo habari yetu inapokuwa ngumu kusimulia. Mama alitusomesha sote sita kwa kupika pombe ya mtama. Tulikuwa tunaamka alfajiri kusaga kimea, na jioni tunapanga mabenchi chini ya mti. Ada yangu, sare zangu na daftari za wadogo zangu vilitoka kwenye pipa lile. Mtoto wa mwisho alipomaliza shule, mama alilipasua pipa kwa shoka. Hajapika tena, na hataki kusikia mtu anapika karibu naye.

Kwa hiyo tulipompelekea ombi la mjukuu wake, nilijua jibu kabla hajafungua mdomo. Kijana alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaeleza mpango wake kwa adabu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mume wangu, ardhi hii pombe imeshaila vya kutosha. Omba kingine."

Mwanangu hakubisha. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, naomba usinikasirikie. Ada ya mama ililipwa na nini?"

Nilitaka kumkemea, lakini mama yangu alinyoosha mkono nikae kimya. Akasema, "Ndiyo maana nakataa. Nilijua waume wa nani wanakunywa kwangu. Nilijua watoto wa nani hawatakula siku hiyo. Nilijua, na nikapokea hela, kwa sababu na nyie mlikuwa na njaa. Sitaki na wewe ujue hivyo halafu upokee."

Sijawahi kumsikia mama akisema maneno hayo kabla ya siku ile. Tulikaa muda mrefu. Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyetoa njia. Alisema hawezi kukubali wala kukataa kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Mavuno yakifika, apelekwe Hombolo.

Tulichokiona Hombolo

Tulikwenda mwezi wa nane, watatu sisi. Kutoka Manyoni hadi Dodoma mjini si mbali kwa basi, na pale ukapanda gari la Hombolo. Mama ana miaka 74, lakini shambani alitembea kuliko mimi. Amelima maisha yake yote, na maswali yake yalikuwa ya mkulima.

Swali la kwanza alitaka kujua zao hili lilitoka wapi, maana alipokuwa mtoto hakuliona. Shemeji alimweleza kuwa mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, wakaipanda katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, miaka ya 1950. Walitaka divai ya misa. Waliona kuwa hewa kavu na udongo wa kichanga wa Ugogo vinaifaa. Kutoka misheni zao likaenda kwa wakulima wa jirani, hata Gereza la Isanga likalima. Baadaye serikali ikaanzisha kiwanda cha mvinyo, DOWICO. Kiwanda kile kilipokufa, wakulima wengi walibaki na zabibu zisizo na mnunuzi, na wapo waliong'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama. Zao lilifufuka viwanda binafsi vilipoanza kujengwa. Mama alilishika hilo la kung'oa. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Umesikia? Lilishawahi kufa."

Jambo la pili lililomshangaza ni kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili hadi wa tatu, na tena mwezi wa nane hadi wa tisa. Ulaya huvunwa mara moja tu. Kule baridi inapoingia, mzabibu hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa, na mkulima huupogolea ukiwa usingizini. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha upya kwa mkasi. Akishavuna, anaupumzisha, kisha anakata matawi ya zamani na kuacha vichipukizi vichache vyenye macho. Kuanzia siku hiyo ya kupogolea, baada ya miezi minne hivi, zabibu zimeiva. Ukipogolea vibaya, utapata majani mengi na matunda haba. Mwanangu alituonyesha jinsi ya kuhesabu macho kwenye tawi kabla ya kukata. Nilimwangalia mikono yake ilivyokuwa inafanya kazi bila papara, nikajua miaka ile miwili haikupotea.

Jambo la tatu ni gharama. Alizeti unapanda na mvua, miezi minne umevuna. Mzabibu unataka nguzo na waya, unataka maji, na unataka subira, kwa kuwa mavuno ya kwanza yenye maana huja karibu mwaka mmoja na nusu hadi miwili tangu upande. Nguzo zenyewe mchwa wanazila chini kwa chini. Shemeji huzipaka oili chafu kabla ya kuzichimbia, na bado kila mwaka anabadilisha kadhaa. Kuna ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe ambao wakulima wetu wa korosho hapa Manyoni wanaujua vizuri, na kuna ubwiri vinyoya unaokuja na unyevu. Kwa hiyo mavuno ya wakati wa mvua yana dawa nyingi na hofu nyingi, na yale ya kiangazi yana gharama ya maji. Faida yake ni kwamba mzabibu ukishakomaa na ukatunzwa, unaweza kuzaa kwa miaka 30 na zaidi.

Jambo la nne lilikuwa soko, na hapo shemeji hakuficha. Zabibu ikiiva haisubiri. Msimu mmoja mnunuzi mkubwa aliyekuwa ameahidi kuchukua mzigo hakutokea. Baadhi ziliozea shambani, nyingine aliziuza kwa ndoo stendi kwa bei ya kutupa. Tangu hapo ana njia mbili. Sehemu ya zabibu anauza mbichi, za kula. Sehemu nyingine anapeleka kwa wanaokamua na kuhifadhi kwenye matangi, kitu ambacho Dodoma wanakiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi huo ndio viwanda hununua baadaye kutengeneza mvinyo, na kwa kuwa unakaa, mkulima halazimiki kuuza kwa bei ya siku moja.

Mama aliposikia neno mchuzi alicheka kidogo, kisha akauliza unavyogeuka kuwa pombe. Kijana akamweleza: sukari iliyo ndani ya tunda inaliwa na hamira, na hamira inatoa kilevi na gesi. Mvinyo mwekundu unapata rangi kwa kuchachuka pamoja na maganda, mweupe unakamuliwa na maganda yanatolewa mapema. Mama akasema, "Ni kama kimea changu. Tofauti ni chombo."

Mzabibu mmoja, nchi mbili

Katika shamba la shemeji kuna aina mbalimbali. Mistari mingi ni ya Makutupora nyekundu, zabibu iliyopewa jina la Makutupora ya kaskazini mwa mji wa Dodoma, ambako kipo kituo cha serikali cha utafiti wa zabibu. Msomaji wa Manyoni asichanganye na Makutupora yetu ya stesheni ya reli. Ni majina yanayofanana tu. Aina hii inafaa kuliwa na inafaa kukamuliwa. Pembeni kuna mistari ya zabibu nyeupe iitwayo Chenin Blanc, ambayo kazi yake hasa ni mvinyo.

Mwanangu alikuwa amesoma habari za Chenin Blanc kwenye simu yake, na jioni ile alitusimulia. Asili yake ni Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire. Huko kuna mahali padogo sana panaitwa Savennières, mashamba yake yako kwenye miteremko juu ya mto, na mvinyo wa jina hilo unatengenezwa kwa zabibu hiyo peke yake. Ufaransa ilianza mwaka 1935 kuweka utaratibu wa kitaifa wa kulinda majina ya mahali kwenye mvinyo. Savennières ilipata ulinzi huo mwaka 1952. Maana yake, mtu wa mahali pengine hawezi kuandika jina hilo kwenye chupa yake, hata kama ana zabibu ileile.

Kijana alilisema hilo kwa hamu kubwa. Alisema sisi watu wa Singida tunalielewa kuliko wengine, kwa sababu kuku wa Singida anauzwa Dar es Salaam kwa jina la mkoa, lakini jina hilo halilindwi na mtu yeyote. Anaamini siku moja zabibu za bonde la Kintinku zitakuwa na jina lao. Nilifurahi kumsikia akifikiria mbali hivyo.

Lakini mimi ni mama yake, na nilikuwa nimesoma upande wa pili. Nchi hiyohiyo ya Ufaransa, ambako mvinyo ni sehemu ya mlo na fahari ya taifa, zamani watoto walikuwa wakinywa mvinyo uliochanganywa na maji hata shuleni. Ni mwaka 1956 ndipo serikali ilipopiga marufuku kuwapa pombe watoto wa chini ya miaka 14 kwenye mikahawa ya shule. Mwaka 1991 wakatunga sheria nyingine inayobana matangazo ya pombe. Nilimwambia, "Mwanangu, wale wanaoishi kwa mvinyo kwa karne nyingi wamelazimika kuweka ukuta kati ya chupa na mtoto. Sisi tunaoanza jana tutaweka ukuta gani?"

Akanijibu kwamba mvinyo wa kiwandani si kama pombe ya kilabuni, una vipimo, una lebo, unanywewa na watu wastaarabu. Nimewahi kusikia hoja hiyo kwenye harusi na vikao vingi. Nikamwambia ini halisomi lebo. Bia kwa kawaida ina kilevi cha karibu asilimia 5, na mvinyo una asilimia 11 hadi 14. Glasi moja ya mvinyo ya mililita 150 ina kilevi kinachokaribiana na cha chupa ndogo ya bia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa hakuna kiwango cha kunywa pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kwamba mtu anakunywa kwa glasi yenye shina haibadilishi hesabu hiyo.

Hakukasirika. Alisema, "Mama, najua. Babu simkumbuki, lakini nimekua nikiwaona nyie mnavyonyamaza akitajwa." Neno hilo lilinichoma. Tulikuwa tumemlinda asijue, kumbe alijua kwa kutuangalia.

Masharti ya bibi

Tulirudi, na bibi alikaa mwezi mzima bila kusema kitu. Kisha akatuita sote, watoto wake sita na wajukuu wakubwa. Alitoa nusu ekari, si ekari nzima. Alitoa upande wa juu wenye kichanga, kwa sababu udongo mweusi wa mbugani tunakolima mpunga hutuama maji, na mzabibu haupendi miguu yake ikae majini. Halafu akataja masharti. Nayaandika hapa kwa sababu naona yanaweza kuisaidia familia nyingine yenye swali kama letu.

La kwanza, mtama na alizeti vinabaki kwenye shamba lililobaki. Zabibu haitachukua ardhi ya chakula mpaka imeonyesha kwamba inaweza kununua chakula.

La pili, hapatakamuliwa wala kuchachushwa kitu chochote nyumbani. Matunda yauzwe matunda. Alisema anajua nyumba yenye pipa inavyokuwa: wateja wanageuka majirani, na watoto wanakua wakijua nani amelewa kabla hawajajua kusoma. Anayetaka mchuzi, tangi liko Dodoma.

La tatu, aina ya kupanda iwe ile inayoliwa pia. Kwa hiyo miche yote 330 aliyopanda mwanangu ni Makutupora nyekundu. Kama viwanda havitanunua, kuna stendi ya Manyoni, kuna Singida mjini, kuna mabasi yanayopita barabara kuu mchana kutwa. Mimi mwenyewe nina duka dogo la vifaa vya shule, na nimeshamwambia kona moja itakuwa ya zabibu.

La nne, kuwe na daftari. Kila shilingi inayoingia na kutoka iandikwe, na kila baada ya mavuno lisomwe mbele ya familia. Hili lilitokana na baba. Mama alisema mumewe hakuwa mwizi, alikuwa mtu ambaye hela yake hakuna aliyeiona.

La tano lilikuwa gumu kuliko yote. Alimtaka mjukuu wake akae naye siku nzima amweleze habari ya babu yake yote, tangu alivyokuwa kijana mcheshi aliyejua kuimba, hadi siku ya mwisho. Alisema, "Utauza tunda ambalo mtu atalifanya pombe. Si kosa lako atakachofanya. Lakini usije ukasema hukujua pombe inafanya nini." Walikaa chini ya mti uleule wa mabenchi. Mimi sikuwepo. Kijana aliporudi jioni hakusimulia, na sikumuuliza.

Wapo ndugu zangu ambao hawakukubali. Kaka yangu mkubwa anasema masharti ni kujidanganya, kwamba ukipanda zabibu umepanda pombe, na ukiuza kwa anayekamua umeshika mpini wa kikombe. Simdharau. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kumbeba baba usiku. Mdogo wangu wa Hombolo anasema kinyume: watoto wake wanne wanasoma kwa zabibu, na nyumbani kwao hakuna anayekunywa. Hatujafikia mwafaka, na sidhani kama tutafikia. Tumekubaliana tu kwamba kila mtu aseme lake waziwazi, na kwamba kijana asifanyiwe siri.

Tunawaambia nini wadogo

Nina watoto wengine wawili nyumbani, mmoja ana miaka 14 na mwingine 9. Wanasikia kila kitu. Yule wa miaka 9 aliniuliza siku moja, tukiwa tunamenya viazi, "Mama, zabibu za kaka ni dhambi?"

Nilimjibu hivi. Zabibu ni tunda, kama embe. Ukila, inakupa nguvu. Ukikausha, inakuwa zabibu kavu ile tunayotia kwenye pilau. Ukikamua ukanywa siku hiyohiyo, ni juisi. Ukiiacha ichachuke, inakuwa mvinyo, na mvinyo ni pombe. Chupa yenyewe inaandikwa kuwa haiuzwi kwa mtu wa chini ya miaka 18. Babu yenu alikunywa pombe mpaka akafa, na hatukuwaambia mapema kwa sababu tuliona aibu. Kaka yenu analima tunda. Mtu akikuletea kikombe, hata kama ni mjomba, hata kama ni kwenye sherehe, sema hapana kisha uje uniambie. Hutapigwa.

Yule wa miaka 14 aliuliza swali la kikubwa zaidi: kwa nini babu hakuacha? Nilimwambia kuna watu ambao pombe ikishawaingia wanakuwa kama wagonjwa, wanahitaji msaada wa hospitali na wa familia, na zamani sisi hatukujua kwamba huo ni ugonjwa. Tulijua kumfokea na kumficha. Siku hizi ukiwa na ndugu wa namna hiyo, nenda naye hospitali, zungumza na daktari au mhudumu wa afya ya akili. Kuacha ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku kunaweza kumletea degedege na hatari kubwa, kwa hiyo si jambo la kumfungia ndani kienyeji.

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako atakuja na ombi kama la wangu, liwe la zabibu, la kufungua duka la vinywaji, au la kufanya kazi hotelini, ninayo machache ya kukushauri. Usikatae kwa sababu ya aibu ya nyumbani ambayo hujamwambia. Mweleze kwanza, kisha mzungumze. Nenda ukaione hiyo kazi kwa macho yako, tena uende na mzee wa familia, maana wazee huuliza mambo ambayo sisi wenye simu hatuyafikirii. Uliza swali la mwaka mbaya: bei ikishuka au mnunuzi asipotokea, mzigo unaenda wapi? Jibu la mwaka mzuri kila mtu analo. Na kabla hela haijaingia, andikeni ni kitu gani hakitaingia nyumbani kwenu pamoja nayo.

Mizabibu ya Kintinku sasa ina mwaka mmoja na nusu. Imeshika waya, na mwanangu ameipogolea mwezi wa nne. Kati ya miche 330, mchwa na jua vimeondoka na 41, naye ameshapanda mingine mahali pake. Mavuno ya kwanza tunayatarajia mwezi wa nane, na hayatakuwa makubwa. Daftari liko kwa bibi, kwenye kasha lake la nguo. Mpaka leo lina kurasa za matumizi tu.